Mkono Kwenye Mtungi

Mume wangu ni fundi bomba, na katika miaka thelathini na miwili ya ndoa yetu ni siku chache sana amerudi nyumbani mikono mitupu. Waume za wenzangu huja na mkate, au na maneno matamu ya kufunika makosa. Wangu huja na chupa.

Tena si chupa ya dukani. Huja na chupa iliyolala ardhini miaka sitini, themanini, imejaa udongo hadi shingoni, na mara nyingine ina konokono ndani. Kazi yake ni kuchimba mitaro, na mji wetu ni mzee. Ukichimba kufika kiunoni unaanza kupita kwenye taka za watu waliotutangulia. Wachimbaji wenzake wakigonga kioo hutukana na kuendelea. Yeye huweka sururu pembeni, hupiga magoti, hutoa bisibisi na brashi ya rangi mfukoni, na kuanza kufukua taratibu kama daktari wa meno. Ndiyo maana wakampachika jina la Fundi Chupa. Yeye hulipenda. Mimi, kwa sababu hiyo, ni Mama Chupa, na sijawahi kuulizwa kama ninalipenda.

Kibanda cha nyuma ya nyumba, ambacho tulikijenga ili kiwe stoo ya mkaa na baiskeli, kilijaa rafu ukuta hadi ukuta. Kulikuwa na chupa za soda zenye gololi ya kioo shingoni. Kulikuwa na vichupa vya wino vyenye kitako kizito, na chupa za buluu zenye mistari ya kuinuka ubavuni, ili mtu akiipapasa gizani ajue hii ni sumu, si dawa ya kikohozi. Aliziosha kwenye karai, akitia mchanga na changarawe ndogo ndani na kutikisa mpaka mabega yanamuuma. Alinifundisha na mimi, nipende nisipende.

"Tazama huu mshono wa ubavuni," aliniambia mara ya kwanza. "Umeishia shingoni. Haukufika mdomoni. Maana yake mdomo huu umetengenezwa na mtu, siyo mashine. Mtu kabisa, na mikono yake."

"Na mimi nina mtu kabisa na mikono yake," nikamjibu, "lakini mkono wa bomba langu la jikoni unavuja mwezi wa tatu huu."

Alicheka. Bomba likaendelea kuvuja.

Chupa nilizielewa. Zinapendeza, jua likizipiga. Kilichonisumbua ni mitungi. Ilikuwa mitungi ya kauri, mizito, ya kahawia mabegani na rangi ya maziwa tumboni, yenye chapa ya ufunguo kwenye kitako. Ilitengenezwa na kiwanda kilichokuwa upande wa chini wa reli, kilichofungwa mimi nikiwa bado nasoma shule ya msingi. Zamani ilitumika kuuzia siki, mafuta, soda ya tangawizi, kila kitu. Mume wangu akipata mtungi hakuutazama kwanza mdomo kama alivyotazama chupa. Aliugeuza juu chini, akaupeleka kwenye mwanga, akapitisha kidole kuzunguka kitako. Halafu, mara zote, uso wake ulishuka kidogo. Mmoja aliuweka rafuni, wa pili alinipa niwekee unga, wa tatu alimpa jirani. Kinyozi wa kona alipewa mmoja akawekea vitana. Mimi mwenyewe nilipandia maua kwenye zaidi ya kumi.

Nilimuuliza anatafuta nini. Akasema, "Hamna." Niliuliza tena mwaka uliofuata, na mwingine. Mwanamke anajua mume wake akisema hamna ya kweli na akisema hamna ya kuficha. Nikamwachia.

Alikuja kuniambia mwenyewe, mchana mmoja wa mvua kubwa iliyosimamisha kazi zote. Tulikuwa kibandani, mimi nachambua maharage, yeye anasugua mtungi. Akaanza tu, bila kuniangalia.

"Mama alifanya kazi kiwanda hiki."

Mama mkwe wangu sikumkuta. Alifariki mume wangu akiwa na miaka kumi na miwili, na picha yake iko moja tu, amesimama mbele ya mlango amejifunga khanga mpaka kidevuni, hata mikono haionekani. Nilichojua ni kwamba alikuwa mchovyaji, wa nini sikuwahi kuuliza. Mume wangu akanieleza kazi yenyewe. Mtungi ukishachomwa mara ya kwanza unakuwa mkavu, hauna mng'ao. Mchovyaji anaushika kitakoni, anaugeuza, anauzamisha kwenye beseni la rojo jeupe, anauinua. Rojo hilo likiingia tanurini linageuka kuwa kama kioo. Lakini pale vidole vilipouminya mtungi, rojo halikufika. Panabaki doa kavu, na tanuri likishapita, doa hilo halitoki tena milele.

Akaugeuza mtungi aliokuwa nao. Kando ya kitako palikuwa na madoa matano, kama mtu ameushika sasa hivi akaondoka.

"Mama alikuwa na vidole vitatu mkono wa kushoto," akasema. "Hiki cha pete na hiki cha mwisho vilikatikia hapa. Ajali ya kiwandani. Alipokuwa ananishika shavu nilijua ni yeye hata nikiwa nimefumba macho. Basi nikafikiri, kati ya mitungi yote hii, lazima upo wenye madoa matatu. Nikiupata huo, nimeupata mkono wake."

"Umeanza lini kutafuta?"

"Kabla hatujaoana."

Niliacha maharage. Miaka yote ile nilikuwa namwita mwokota takataka, kwa utani na pengine siyo kwa utani. Tangu siku hiyo na mimi nikaanza kugeuza mitungi juu chini kila nilipoiona, mpaka kwenye nyumba za watu, na watu wakaanza kuona tumeambukizana.

Basi, mwaka juzi walipokuwa wakichimba mfereji mpya nyuma ya maghala ya reli, alikuja nyumbani saa tano asubuhi, kazi hajamaliza, anakimbia. Mtu wa miaka hamsini na minane, na buti za mpira. Nilidhani kuna aliyefukiwa. Alikuwa amekumbatia mtungi kwenye shati lake kama mtoto mchanga, na amepakaa udongo mpaka masikioni.

"Hesabu," akaniambia.

Nikahesabu. Gumba upande huu. Vidole viwili upande ule. Basi.

Akakaa chini pale pale mlangoni na kulia. Mimi nikalia kwa sababu yeye analia. Alipopata sauti alitaka simu, akampigia dada yake.

Wifi yangu ni mshonaji mstaafu, anaishi safari ya siku nzima kutoka kwetu. Amempita mume wangu miaka kumi na mitatu. Mama yao alipofariki ni yeye aliyemlea, kisha akaolewa mbali, na umbali ukafanya kazi yake. Walipigiana simu sikukuu na misiba. Siku hiyo mume wangu kwenye simu hakueleza kitu, alisema tu, "Dada, njoo. Kuna kitu cha Mama." Baada ya siku tatu wifi akashuka kwenye basi na begi moja, magoti yamevimba, akatembea na fimbo hadi kwetu.

Mume wangu hakumpa hata nafasi ya kunywa chai. Mtungi ulikuwa umeshaoshwa, umewekwa katikati ya meza juu ya kitambaa changu cha wageni. Akamweleza habari yote, maneno yanakimbizana, mchovyaji, rojo, madoa, vidole vitatu. Wifi alisikiliza huku ameshika fimbo kwa mikono miwili. Kisha akainuka, akaushika mtungi, akaugeuza, akautazama muda mrefu. Akaurudisha polepole.

"Mdogo wangu," akasema, "nani alikwambia Mama alichovya baada ya kuumia?"

Mume wangu akacheka kidogo, kama mtu ambaye hajasikia vizuri. "Alifanya kazi pale mpaka nina miaka tisa. Nakumbuka."

"Alifanya. Alikuwa anafungasha. Anazungushia mitungi majani makavu na kuipanga kwenye masanduku. Toroli la tanuri lilimponda vidole wewe ukiwa tumboni, mimba ya miezi saba. Hakurudi kwenye beseni hata siku moja. Asingeweza, mtungi ungemponyoka. Mkono ule unaoukumbuka wewe haukuwahi kuchovya kitu."

"Sasa huyu ni nani?"

"Sijui. Mtu aliyeushika vibaya. Mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani."

Nilitamani nitoke pale, niwe jikoni, niwe popote. Mume wangu alikuwa anatazama mtungi kama umemtukana. Kisha nikaona kitu kingine kinamwingia machoni, na kikanijia na mimi wakati huo huo. Kama Mama alichovya kabla ya ajali, basi alichovya akiwa na mkono mzima. Mitungi yake ilikuwa ile yenye madoa matano.

"Nimeigawa," akasema. "Nimegawa mitungi ya Mama kama peremende." Halafu akamgeukia dada yake, na sauti ikapanda. "Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza! Ukinipigia simu unaniuliza habari za mvua."

"Wewe ulimjua miaka ishirini na mitano. Mimi kumi na miwili. Ungenipa hata kidogo bila kuombwa."

Mume wangu akatoka, akaenda kukaa kwenye ukuta wa nje, na hakuingia mpaka chakula kilipopoa. Wifi alikula vijiko vitatu, akaniomba anyooshe mgongo. Nyumba ikawa kama ina mgonjwa.

Asubuhi nilipoamka kitanda cha wageni kilikuwa kitupu. Nikamkuta kibandani, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameegesha fimbo ukutani. Alikuwa anachukua mtungi mmoja mmoja, anaugeuza, anaweka mkono wake juu ya madoa, anaurudisha. Nikadhani amechanganyikiwa kwa uchungu wa jana.

"Wifi, kaniitie mume wako," akasema bila kugeuka. "Mwambie dada yake anamwomba. Mwambie hivyo hivyo, anamwomba."

Mume wangu alikuja, uso umevimba, akasimama mlangoni.

"Nilisahau jambo moja," wifi akamwambia. "Au sikusahau, ni kwamba ulinifokea likanitoka. Wewe unamkumbuka Mama akitumia mkono gani?"

"Wa kulia."

"Kwa sababu wa kushoto ulikuwa umeharibika. Alijifunza wa kulia ukubwani, tena kwa taabu, alikuwa anamwaga chai kila siku. Mama alikuwa wa mashoto. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chakula cha mchana, nilisimama dirishani nikamtazama mara elfu. Wachovyaji kumi na wawili, wote wanashika kwa kulia, yeye peke yake kushoto. Nyapara alimpa beseni la pembeni kabisa kwa sababu kiwiko chake kilikuwa kinawagonga wenzake." Akanyanyua mtungi. "Haya, njoo. Weka mkono wako wa kulia hapa, kidole juu ya doa."

Akaweka. Gumba kwenye gumba, cha shahada kwenye doa la shahada, cha mwisho kwenye kile kidogo. Vikakaa sawasawa.

"Huyo si Mama. Weka chini. Jaribu huu."

Kwenye mtungi huu, mkono wa kulia haukukubali. Kidole cha mwisho kiliangukia pale palipokuwa na doa nene la shahada, vidole vyote vikawa kinyume. Alijaribu kuuzungusha, bado. Mume wangu akabadilisha mkono. Akaweka wa kushoto.

Mkono wake ni mkubwa, mkono wa kukaza mabomba, ulifunika yale madoa yote. Lakini yalikuwa yamekaa kwa mpangilio wake, moja chini ya jingine, matano. Alibaki ameushika hivyo.

"Vitano," akasema.

"Vitano," dada yake akasema. "Tena vyembamba. Alikuwa na vidole vizuri, Mama. Nilikuwa namwonea wivu."

Siku hiyo hakwenda kazini, wala iliyofuata. Tulipitia rafu zote, sisi watatu, tukijaribu mkono wa kulia kwanza. Kisha tukaanza kufuata ile iliyokuwa imeshatoka kibandani. Nilimwaga unga kwenye beseni. Niling'oa maua yangu, maskini, nikayaweka kwenye makopo ya rangi. Mume wangu alikwenda kwa kinyozi akamkuta ana mteja kitini, nusu ya kichwa kimenyolewa, akamwambia anaomba kushika mtungi wake mara moja tu. Kinyozi akasema, "Fundi, ulinipa mwenyewe, sasa unataka kunipokonya mbele ya watu?" Akaeleza. Mteja naye akainuka na shuka lake shingoni, akataka kuona. Ulikuwa wa mkono wa kulia. Kinyozi alisikitika kuliko sisi, akamwita mke wake atoe na ule uliokuwa jikoni, ambao hata hatukukumbuka kwamba tuliwahi kumpa. Na ule ndio uliokuwa wa kushoto.

Tukapata saba. Saba katika mia moja na kumi na minne. Mume wangu si mjinga; alisema mwenyewe, tukiwa tumeipanga kwenye meza, kwamba kiwanda kiliishi miaka mingi, na huenda alipita mtu mwingine wa mashoto kabla ya Mama au baada yake. "Najua," akasema. "Lakini katika hii saba kuna wake. Hata kama ni mmoja." Wifi akachagua miwili iliyoenea mkono wake, maana mkono wake, alisema, ndio mkono wa Mama kabisa. Hakuna aliyembishia.

Alikuwa amekuja kwa siku mbili. Alikaa wiki tatu.

Siku mbili kabla ya kuondoka alitaka kuona kiwanda. Tukamwambia hakuna kiwanda. Akasema anajua, anataka kuona kilipokuwa. Basi tukashuka polepole hadi ng'ambo ya reli, mimi nimemshika mkono, mume wangu amebeba mwavuli. Sasa ni yadi ya mbao. Msumeno ulikuwa unalia, unga wa mbao umetanda, na mwenye yadi, mwanamke mwenye kalamu sikioni, akatuuliza tunataka mbao za ukubwa gani.

"Mama yetu alikuwa akifanya kazi hapa," mume wangu akamwambia.

"Hapa kwangu?"

"Zamani. Kilikuwa kiwanda cha mitungi."

Mwanamke akatutazama, akamtazama wifi na magoti yake, akaashiria msumeno uzimwe. Wifi akatembea katikati ya mirundo ya mbao akihesabu kwa midomo, akasimama, akarudi hatua mbili, akagonga chini kwa fimbo. "Dirisha lilikuwa hapa. Beseni lake hapa. Mimi nimesimama nje, pale penye yale magogo. Mikono yake imejaa rojo mpaka kwenye viwiko, hawezi kufungua dirisha, basi ananigongea kioo kwa kiwiko. Hivi." Akainua kiwiko chake cha kushoto akagonga hewa, mara mbili, haraka. "Maana yake, chakula weka, nakuja, usiondoke."

Mume wangu akasogea akasimama pale aliposema palikuwa na beseni. Akatazama magogo. Kisha akaanza kumuuliza maswali. Hakuuliza kama mtu mzima, aliuliza kama mtoto ambaye hajali akionekana mjinga. Alikuwa anavaa nini? Alikuwa anaimba? Alikuwa akicheka anacheka kwa sauti? Nani alikuwa rafiki yake? Wifi akajibu moja baada ya jingine. Aprini ya gunia. Ndiyo, aliimba, vibaya. Kwa sauti mno, mpaka nyapara alikuwa akigeuka. Mwenye yadi akatutolea ubao mpana akauweka juu ya matofali tukae, na yeye mwenyewe akakaa pembeni kusikiliza, kalamu bado iko sikioni.

Tulikaa mpaka wafanyakazi wakaanza kufunika mbao kwa maturubai. Wakati huo ndugu wawili walikuwa wameshaingia kwenye ugomvi. Wifi anasema Mama alikunywa chai bila sukari hata chembe. Mume wangu anasema haiwezekani, vijiko vinne, anakumbuka kwa sababu alikuwa anamwachia yeye alambe kikombe. Wifi anasema labda ni mama mwingine. Mume wangu anasema yeye ndiye aliyelamba, siyo dada.

"Mwambie, wifi," wakanigeukia wote wawili.

Nikawaambia mimi sikumkuta.

"Basi nyamaza," wakasema kwa pamoja, wakaendelea.